Mkalimani na Wavu Uliopakwa Tope

Ua wa miiba wa mkalimani uligusana na ua wangu, na kuku wake walitaga kwangu. Nianzie hapo, maana ukitaka habari za mtu nenda kwa jirani yake, usiende kwa ndugu. Kwao hasa ni wapi, ukoo gani, alizaliwa mwaka wa njaa ipi, hayo sikumwuliza, wala hakuwa mtu wa kuyasimulia. Nilijua tu kwamba ni mtu wa pwani aliyepanda huku Ugogo na misafara akiwa kijana, akaoa kwetu, na kwamba huko pwani alikuwa na mama. Huyo mama ndiye habari yote. Tangu nimfahamu, mkalimani alitaka jambo moja tu hapa duniani: kwenda kumwona mama yake kabla hajafa. Wafanyabiashara waliopita walimletea salamu. "Mama yako mzima, macho ndiyo hayaoni vizuri. Anauliza utakuja lini." Naye jibu lake lilikuwa hilohilo: "Mwambieni mwaka huu."

Jina lake nalijua, ila hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Mkalimani, na akikasirika alimwita Midomo Miwili. Basi na mimi nitamwita kwa kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Siku zile za Mjerumani, Wazungu walikuwa na Kiswahili chao, kile cha kuamrisha. Wazee wetu walikuwa na Kigogo chao, na hawakuona sababu ya kutafuta kingine. Katikati alikaa jirani yangu juu ya kigoda, na kanzu yake nyeupe, kofia yake ya mkono, miguu ameipanga pamoja kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Kanzu ile aliifua mwenyewe, hakumwachia mkewe. Nchi yetu ni ya vumbi jekundu, kila kitu kinageuka rangi ya kiazi, lakini kanzu ya mkalimani ukiiona kwa mbali ungedhani ni yangeyange ametua barazani.

Mimi nilijua Kiswahili kwa sababu mume wangu alikuwa mpagazi, na mwanamke wa mpagazi hujifunza Kiswahili apende asipende, maana ndiyo lugha anayotukaniwa. Kusoma nilijifunza baadaye sana, kwenye darasa la ubatizo, na herufi zinanisumbua mpaka leo, hasa zile zenye tumbo. Lakini kusikia nilikuwa nasikia. Wengi walisikia upande mmoja wa maneno ya mkalimani. Mimi nilisikia pande zote mbili, na nakwambia, hazikufanana.

Nimewahi kumwona Bwana Mkubwa wa boma akisema muda mrefu, uso mwekundu kama nyama mbichi, anapiga meza, mate yanaruka. Alipomaliza, mkalimani akawageukia wazee akasema kwa Kigogo: "Anasema hakulala vizuri." Wazee wakasikitika, wakatikisa vichwa. Kisha mmoja wao akasimama akajibu kwa kirefu, ng'ombe wa babu yake, mbuga ya malisho, mpaka wa kwa nani na nani, na katikati akatia matusi mawili matatu ya kumhusu mama wa Mzungu. Mkalimani akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kwa adabu. "Anashukuru, Bwana," akasema.

Siku ile hakuna aliyepigwa. Ndiyo maana simwiti mwongo, ingawa mkewe alimwita hivyo.

Na penye kuchapwa pia palikuwa na mambo yake. Mtu akihukumiwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kiboko kilikuwa cha askari, kuhesabu kulikuwa kwa mkalimani. Kama aliyelala pale chini alikuwa mtu mwema, hesabu ilikuwa na mbio, inaruka namba kama mbuzi anavyoruka mfereji. Kama alikuwa mtu aliyemwibia kuku, mkalimani alishikwa na kigugumizi, akairudia namba ile ile. Nilimwambia, "Jirani, Mungu anakuona." Akanijibu, "Mungu anajua hesabu. Askari hajui."

Basi mtu huyo, asiyetetemeka mbele ya boma, alikuwa anaogopa kinyonga. Kinyonga! Akimwona kwenye ua anakaa ndani mpaka nije nimwondoe kwa kijiti. Na alimwogopa mkewe vilevile. Kazini maneno yake hayakuisha, nyumbani alikuwa bubu. Jioni moja nilimsikia analalamika nyuma ya ua: "Mimi ni mlango tu. Huyu anapita, yule anapita, hakuna anayeuliza mlango wenyewe unataka nini." Mkewe akamjibu, "Mlango wa nyumba gani huo usiotengenezwa paa? Panda huko juu, udongo umeanguka kwenye mtungi wangu." Ndipo nikasikia ngazi inaburutwa. Ndiye mke aliyekuwa naye.

Sasa nieleze kilichomfunga. Mkewe alikuwa na kaka, kijana wa nguvu, mkaidi, mwenye kupenda mbuzi wake kuliko ngozi yake. Askari akamchukulia beberu bila kusema naye, kijana akampiga askari fimbo ya kichwa. Wakamtia mnyororo, shingo kwa shingo na wenzake, wakampeleka kwenye tanuri la chokaa. Reli ilikuwa inajengwa, kila jengo lilitaka chokaa, na upande wa kuelekea Hombolo kuna nchi ya mawe meupe ambayo Wajerumani waliipenda sana. Wafungwa walivunja mawe, wakayachoma, wakabeba. Mtu akitoka pale nywele nyeupe, nyusi nyeupe, anakohoa unga.

Mkalimani mwaka ule alikuwa tayari kwenda pwani. Mkewe akasimama mlangoni. "Utakwenda kwa mama yako, na kaka yangu yuko kwenye mnyororo? Nani atamsemea? Mimi? Mimi nina mdomo mmoja." Mkalimani akafungua mzigo wake. Akakaa. Alijaribu kumsemea shemeji yake kwa Bwana Mkubwa, akapewa kofi. Ndiyo siku pekee aliyoyasema maneno yake mwenyewe pale barazani, na kofi lake akalipata.

Ndipo akaja Bwana Vipepeo. Sisi ndio tuliompa jina hilo. Lake lilikuwa refu, la kukwaruza koo. Alikuwa daktari, wanasema, ila sijamwona akitibu mtu. Mwembamba, ndevu za rangi ya mahindi, kofia ngumu nyeupe, na wavu mweupe wa kitambaa chepesi kwenye mpini mrefu. Alipiga kambi karibu na boma, kutwa anakimbiza wadudu. Watoto wa kambini walimcheka mpaka wakachoka kumcheka, wakamzoea. Watu wazima hatukumcheka. Mtu anayevuka bahari kuja kukamata kipepeo na kumchoma sindano mgongoni, unajiuliza akimaliza vipepeo atashika nini.

Alikuwa na picha ya rangi kwenye karatasi ngumu: kipepeo mkubwa mweusi, amepigwa utepe wa buluu mabawani, buluu ya kung'aa kama ushanga mpya. Akamwita mkalimani. Mimi nilikuwepo, nimeleta unga wa kambi, kwa hiyo nilisikia kwa masikio haya.

"Wewe tafuta hii kipepeo," alisema. "Wewe pata, mimi sema na Bwana Mkubwa. Shemeji yako toka mnyororo. Wewe ruksa kwenda pwani. Hapana pata, basi, wote kaa."

"Ndiyo, Bwana," akasema mkalimani.

Tulitoka alfajiri. Bwana juu ya punda, mkalimani nyuma yake, askari mmoja Mmanyema, wapagazi wawili Wanyamwezi wenye visanduku, na mimi na kibuyu cha maji kichwani, maana ile nchi ya mawe meupe haina maji, na mwanamke ndiye anayekumbukwa pakiwa hapana maji. Yule askari na wale wapagazi hawakujua Kigogo hata cha kuomba moto. Kumbuka hilo.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Mawingu yalijikusanya kila mchana, yakatuangalia, yakaondoka. Tulipita kwenye miti iliyoanza kuchipua majani mekundu kabla ya mvua, kama miombo inavyofanya, kisha tukaingia kwenye mawe. Jua likipiga mawe yale linarudi usoni kwako mara ya pili. Ardhi ina mashimo, unakanyaga inalia kama chungu kitupu. Pembeni mwa mashimo inaota minyaa na vichaka vya miiba, na humo ndimo walimokuwa vipepeo. Wadogo weupe, wa manjano, wa rangi ya kutu waliokaa juu ya mavi ya mbuzi wanakunywa kama wazee kwenye mtungi. Bwana aliwakimbiza, wavu unapiga hewa, kisha anapiga kelele, "Si huyu! Si huyu!" Wengine aliwatia kwenye chupa hata hivyo. Kipepeo akiingia kwenye chupa ile yenye dawa hupiga mabawa, anapanda, anagonga, anapanda tena, kisha anatulia.

Mkalimani alikuwa anaitazama chupa. "Kioo kibaya, jirani," aliniambia polepole. "Angekuwa kwenye kikapu angejua mapema kwamba amefungwa."

Tulipopumzika akaninong'oneza tena. "Huyu wa kwenye picha, umewahi kumwona?"

"Nimemwona."

"Wapi?"

"Usiniulize. Unapajua."

Alipajua. Tangu asubuhi alikuwa anamzungusha Mzungu mbali napo, kulia tunapotakiwa kushoto. Katikati ya mawe yale kuna bonde dogo lenye mikuyu na chemchemi, na hicho ndicho kichaka cha mvua. Haukatwi mti pale, hachungwi mnyama. Wazee hupeleka ng'ombe mweusi, huvaa nguo nyeusi, huomba. Kila kitu ni cheusi, kwa sababu wingu lenye mvua ni jeusi, na kitu cheupe ukikipeleka pale umelionyesha wingu njia ya kuondoka. Haingii mtu na kiatu. Hasemi mtu kwa sauti. Kiangazi kile chote watu walikuwa wanahesabu mbegu zilizobaki kwenye vihenge, wakaweka walinzi pale. Na sisi tulikuja na nini? Kofia nyeupe, wavu mweupe, kanzu nyeupe kuliko zote, na viatu vya Mzungu vyenye misumari chini.

Mchana ukapinda. Mkalimani alikwisha anza kusema habari za kurudi, kesho ni siku, Bwana. Ndipo yule kipepeo mwenyewe akatupitia. Sisemi uongo. Alitokea nyuma yetu, mweusi, mkubwa, akitupa ile buluu yake na kuificha, akapita juu ya kichwa cha punda bila haraka yoyote, akateremka bondeni, akaingia kwenye mikuyu.

"Huyu!" Bwana akaruka kutoka kwa punda, nusura aanguke, akakimbia. Mkalimani akainua kanzu mpaka magotini akamfuata, na mimi na kibuyu changu nyuma, maji yananimwagikia shingoni.

Na pale penye ukingo wa kichaka alikaa mzee wa mvua, na wanaume wawili wenye mikuki.

Hebu fikiri. Mzungu akiingia vile alivyo, mvua imeharibika, na aliyemleta atachomewa nyumba, na mkewe hatapata hata wa kumwazima moto. Mzungu akizuiwa, kuna bunduki ya askari, kuna kiboko, na shemeji anabaki kwenye mnyororo. Mbele mkuki, nyuma bunduki, na muda uliopo ni ule wa Mzungu kumaliza kuteremka mawe yale.

Mkalimani alimpita akasimama mbele yake, mikono imefunguka.

"Bwana! Simama! Utampoteza!"

"Nini?"

"Kipepeo huyu si kama wengine. Huyu anaogopa nyeupe. Akiona nyeupe harudi mpaka mwaka mwingine. Wenyeji wote wanajua."

Bwana akatazama wavu wake. "Nyeupe?"

"Nyeupe kabisa, Bwana. Na anasikia kishindo. Kiatu anakisikia ardhini. Na sauti. Watu wa hapa wakimtaka wanakwenda miguu mitupu, wamejipaka tope, kimya."

Kisha bila kuvuta pumzi akamgeukia mzee wa mvua, akapiga goti, akasema kwa Kigogo: "Mbukwa, baba. Mzungu huyu ameona nchi imekauka, moyo umemuuma. Anaomba kuingia pamoja na ninyi kuomba mvua. Atafuata kila mwiko. Amesema hata viatu atavua."

Mzee akamtazama yule Mzungu, aliyekuwa tayari ameketi juu ya jiwe anavuta buti. Hakuna mtu wa nchi yetu aliyewahi kuona nyayo za Mjerumani. Zilikuwa nyekundu, zenye malengelenge. Wale wenye mikuki wakashusha mikuki.

"Na hicho cha kitambaa?" mzee akauliza.

"Chombo chao, baba. Wanakamatia upepo wa mvua. Kwao."

"Ni cheupe."

"Anakwenda kukitia tope sasa hivi."

Na kweli, chini ya chemchemi maji yanapotokea nje ya kichaka kuna tope jeusi la mbuga, na Bwana alikuwa analitia kwenye wavu kwa mikono yake miwili, kwenye kofia, kwenye ndevu, kama mtoto aliyeachwa peke yake. Mkalimani akabaki na kanzu yake. Akaitazama. Akaniambia kwa Kiswahili, "Jirani, nisitiri." Nikampa kaniki yangu nyeusi ya juu, nikabaki na ya chini. Akavua kanzu nyuma ya jiwe, akajifunga kaniki ya mwanamke kifuani, akatoka. Mungu anisamehe, nilitaka kucheka na nilitaka kulia.

Mzee wa mvua akanigeukia. "Wewe binti yetu. Lugha yao unaijua. Huyu anasema kweli?"

Mkalimani hakunitazama. Alitazama ardhi.

"Mimi nimebeba maji tu, baba," nikasema.

Wakaingia. Sisi wanawake hatuingii, ila kutoka ukingoni nilikuwa naona. Vipepeo walikuwa kwenye matope ya chemchemi, weusi wengi, mabawa yamefungwa, wanakunywa. Na Mzungu yule, mweusi kuliko mimi, akaenda kwa magoti. Polepole. Kichwa kimeinama mpaka karibu na maji, midomo inacheza bila sauti. Mzee na walinzi wake walikuwa wanamtazama kwa mshangao. Mmoja alisema baadaye, "Hata sisi hatuombi hivyo." Kisha wavu ukashuka juu ya matope, taratibu, kama mama anavyofunika uji.

Tulikuwa hatujafika kambini mvua ilipotukamata. Mvua ya mwanzo, ile ya matone makubwa yanayouma, mawe meupe yanatoa moshi. Bwana Vipepeo alicheka njia nzima, chupa ameikumbatia, tope linamtiririka. Mkalimani alikuwa nyuma, kanzu ameikunja kifuani chini ya kaniki yangu isilowe. Akaniambia, "Jirani, nimetoka." Nikamwambia, "Umetoka, alhamdulillahi." Mimi si wa dini yake lakini nililisema.

Shemeji alifunguliwa. Hilo Mzungu alilitimiza. Alikuja nyumbani na alama ya chuma shingoni, akala, akalala, akaamka akaenda kuwaangalia mbuzi. Hakusema asante mpaka leo, na amekwisha kufa.

Ruksa ya pwani ndiyo iliyokataa kutoka. Mkalimani alipokwenda kuiomba, Bwana Vipepeo alishangaa. "Wewe kwenda? Sasa? Wewe jua tabia ya kipepeo kuliko mtu yote! Mvua ndiyo wakati wa vipepeo. Mvua pita, basi, wewe kwenda." Akamfanya mkuu wa safari zake. Wakaenda Kondoa, wakaenda mpaka milima ya Busi, kila mahali Mzungu anavua viatu, wapagazi wote wamepakwa tope, wanatembea kwa ncha za vidole wasimshtue mdudu ambaye, nakuapia, haogopi rangi yoyote. Nimewaona wametua juu ya shuka zangu nyeupe nilizoanika. Mkalimani aliwahi kujaribu kumwambia, "Bwana, pengine hata wavu mweupe unafaa." Bwana alicheka, akampiga begani. "Wewe mjanja! Unataka mimi kosa!" Na wavu ule wa tope ulikuwa unakamata kweli. Ungefanyaje? Wavu ni wavu.

Mvua ikapita. Mkalimani akafunga mzigo. Asubuhi akafungua mlango, akawakuta wazee wa kichaka wamekaa uani, wamemletea kondoo mweusi.

"Unakwenda?" mzee wa mvua akamwuliza.

"Nakwenda pwani, baba, kwa mama."

"Vizuri. Mama ni mama. Utakwenda mvua ikinyesha."

"Mvua imekwisha nyesha, baba."

"Ile ya mwaka ujao. Mwaka huu umeiita, ikaja siku ileile. Tukuache uende nayo?"

Hakuwa na la kufanya ila kukubali, maana walisema kwa upole, na mikuki ilikuwa imelala pembeni. Basi ikawa hivyo. Kiangazi alikuwa wa wazee, masika alikuwa wa Mzungu. Huyu anasema hutoki mpaka mvua iishe, yule anasema hutoki mpaka mvua ianze. Tafuta wewe, katika mwaka mzima, siku iliyobaki katikati.

Mwaka ambao mvua ilichelewa walimkalia nyumbani kwake zamu kwa zamu, hawakumpiga, hawakumtukana, walimtazama tu. Mwaka ambao ilikuja mapema walimsifu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mkewe aliyemzuia zamani sasa ndiye aliyesema, "Nenda, Mkalimani. Toroka. Nitasema umekufa." Akamjibu, "Watakuja kuuomba mvua huo mwili." Nyumbani alikuwa anaanza kusema, unaona, alipokosa pa kusemea kwingine.

Alichakaa. Kanzu haikuwa nyeupe tena. Si kwamba alikuwa hafui. Wazee walikuwa wamemkataza, mwenye mkono wa mvua havai nyeupe, na Bwana naye alipenda watu wake wawe na rangi ya tope. Kwa mara ya kwanza pande zote mbili zilisema neno moja, na halikuhitaji mkalimani.

Nije kwenye siku ya mwisho niliyokaa naye. Vita ilikuwa imefika kwetu. Wajerumani walikuwa wanaondoka, mizigo juu ya vichwa vya watu, na mume wangu mmoja wao, sikumwona tena. Bwana Vipepeo alikuwa ameondoka mapema na visanduku vyake, bila kuaga. Boma likawa limebaki na mlango wazi na kuku wanaingia ofisini. Hakuna aliyekuwa na haja na mkalimani. Waingereza walikuwa hawajafika na wangekuja na mkalimani wao.

Nilikwenda kumwambia kwaheri. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda uani, amenyoa, ameoga, mkewe anamfungia chakula cha njiani na kumgombeza kwamba atakula vyote siku ya kwanza. Wiki ile alikuwa amepita mtu wa msafara aliyemwambia mama yake yungali hai, amekuwa kipofu kabisa, anamjua mtu kwa kumshika uso. Mkalimani alikuwa anajishika uso wake mwenyewe. "Nimekonda, jirani," akasema. "Atanijua?"

"Atakujua. Pua haikondi."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka miaka mingi.

Wakaingia wazee. Wengi safari hii, na mzee wa mvua ameshikwa mkono, maana miguu ilikuwa imemwisha. Majeshi yalikuwa yamekula ng'ombe, yamekula mbegu, na mbingu ilikuwa kavu kama ngoma. Wakaketi. Hawakuwa na kondoo wa kuleta. Walikuwa na njaa machoni, na njaa haina mjadala.

"Twende kichakani," mzee akasema.

Mkalimani alisimama. Nilijua amekwisha amua, maana hakuinamisha kichwa. Akasema kwa Kigogo safi, neno moja baada ya jingine.

"Baba zangu. Sijui mvua. Siku ile niliwadanganya. Mzungu hakuja kuomba, alikuja kukamata mdudu. Nilisema vile ili asiwaudhi, nanyi msiniue, na shemeji yangu afunguliwe. Mvua ilikuja yenyewe. Mimi ni mtu wa pwani, sijui mawingu yenu, na nina mama. Niacheni niende."

Mkewe aliacha kufunga kifurushi. Mimi nilishika mti wa ua kwa kuwa nilidhani watamrukia.

Hawakumrukia. Walitazamana, wakatikisa vichwa, kama wanavyotikisa wanapomsikia mtu mgeni aliyeleta shauri zito. Mzee wa mvua akafikiri, akasema kwa upole kabisa:

"Tumesikia. Ni maneno ya nani hayo?"

"Yangu, baba."

"Hapana, mwanangu. Wewe ni mkalimani. Miaka yote hii hujatuletea neno lako. Aliyekutuma tumemsikia, ana sababu zake, hatumlaumu. Sasa na wewe umwambie na sisi tunasema nini. Mwambie watoto wanakufa. Mwambie tunasema twende."

Wakamngojea. Watu wazima wote wale, wameketi kwenye vumbi, wanamtazama usoni afikishe ujumbe.

Nilimwona akigeuza kichwa polepole upande ambao hapakuwa na mtu. Kisha akawarudia wazee, akainamisha kichwa, akawaambia:

"Amekubali."